Tufe la TSS-1R na waya ulioachwa wazi

Februari 1996, katika jaribio la TSS-1R, chombo cha anga za juu cha Columbia kilifungulia kilomita 19.7 za kamba ya umeme, na kwenye ncha yake setilaiti ya Italia, tufe la kipenyo cha mita 1.6. Kamba ikakatwa na cheche. Wengi wanakumbuka ajali hiyo. Sisi wa hesabu za plazima, yaani gesi ya elektroni na ioni, tunakumbuka zaidi mkondo wa umeme: tufe lilikusanya mara mbili hadi tatu ya makadirio.

Kamba ikikata uga wa sumaku wa Dunia kwa kasi ya kilomita 7.5 hivi kwa sekunde, hupatikana volti, takriban 200 kwa kila kilomita karibu na ikweta. Ila volti pekee hazitoshi. Sharti ncha moja ivute elektroni kutoka ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye plazima, na nyingine izitoe. Kuzitoa kuna vifaa vyake. Kuzivuta ndiko kunakotutoa jasho.

Makadirio yale yalitokana na modeli ya Parker na Murphy ya 1967. Humo tufe limetulia, na elektroni zimefungwa kwenye mistari ya sumaku, hivyo tufe hupata zile tu zilizo ndani ya bomba jembamba la mistari hiyo. Ni sawa na kukadiria samaki wa jarife bila kujali kwamba ngalawa inatembea. Ioni za oksijeni huijia setilaiti zikiwa na nishati ya elektronivolti 5 hivi. Tufe lenye mamia ya volti huzirudisha, na plazima iliyo mbele yake huvurugika.

Mwaka 1993 Sanmartín, Martínez-Sánchez na Ahedo walikuwa tayari wamependekeza njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo bora: ondoa tufe, vua waya ganda lake, uache wenyewe ukusanye. Urefu wa Debye, yaani umbali ambao plazima huhitaji ili kuificha chaji, huko juu ni milimita chache. Waya usiozidi kipimo hicho hauwezi kufichwa na chaji inayouzunguka. Kinachoizuia elektroni ni mwendo wake yenyewe tu wa kuuzunguka waya na kuukosa. Mkondo hufuata msongamano wa elektroni na kipeuo cha pili cha volti, na joto la elektroni halimo kabisa kwenye fomula. Utepe wa upana wa sentimita 2, kwa volti 100 na elektroni bilioni 100 kwa mita ya ujazo, hukusanya kama miliampea 1.2 kwa kila mita.

Kuiga hali hii kwa kompyuta kuna kero zake. Chembe lazima zifuatwe kwa hatua za milimita, ilhali athari ya waya husambaa mbali zaidi. Tena ioni zilizorudishwa hurundikana upande wa mbele, na nadharia tupu haina elektroni za kutosha kuzisawazisha. Wengi hudhani kuna elektroni zilizonaswa zinazozunguka waya bila kuufikia. Mimi huanza na plazima iliyotulia, isiyo na sumaku. Humo fomula ndiyo dari, kwa hiyo programu ikitoa mkondo unaoipita, nakagua kwanza kingo za kisanduku, yaani mipaka ya eneo ninaloliiga.