Uwezo wa malisho: ranchi inabeba ng'ombe na kondoo wangapi?

Muulize mfugaji ranchi yake inabeba ng'ombe wangapi, mara nyingi atakutajia ekari. Ekari haziliwi. Uwezo wa malisho ni wingi wa mifugo ambao eneo linaweza kuulisha mwaka mzima, na nyasi zikabaki na nguvu ya kuchipua mvua zikirudi. Ndiyo maana hubadilika mwaka hadi mwaka ingawa mipaka ya shamba ni ileile.

Mifugo hupimwa kwa uniti, si kwa vichwa. Uniti moja ni mnyama wa kilo 250. Ng'ombe wa kienyeji, kundi likichanganyika na ndama, huhesabiwa 0.7 na kondoo 0.1. Hapa ndipo wengi huteleza: ng'ombe wa aina ya Borani mwenye kilo 350 ni uniti 1.4, yaani mara mbili ya hiyo 0.7, na kondoo jike wa aina ya Dorper mwenye kilo 60 ni 0.24. Aliyeboresha mbegu bila kupunguza vichwa ameongeza midomo asijue.

Tuchukue ranchi ya hekta 400 katika nyanda kavu za Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja. Kabla hazijaanza, zungushia uzio vipande vichache vinavyofanana na sehemu nyingine za shamba, mifugo isiingie. Nyasi zikikomaa, weka fremu ya mita moja mraba mahali 20 pasipo kuchagua penye kupendeza, kata, kausha juani mpaka uzito usipungue tena, kisha pima. Gramu 120 kwa fremu ni kilo 1,200 kwa hekta. Usizigawe zote: theluthi moja tu, kilo 400, ndiyo ya kuliwa. Nyingine hukanyagwa, huliwa na mchwa, na zinazobaki hufunika udongo na kulisha mizizi. Vichaka, miamba, na sehemu zilizo mbali na maji kiasi kwamba ng'ombe hawafiki kiangazi, ziondoe kwenye hekta zako kabla ya kuzidisha.

Uniti moja hula takriban kilo 6.25 za nyasi kavu kwa siku, kama kilo 2,300 kwa mwaka. Tuseme hapa hakuna cha kuondoa: hekta 400 mara kilo 400 ni kilo 160,000; gawa kwa 2,300, unapata uniti 69. Hizo ni, kwa mfano, ng'ombe wa kienyeji 70 na kondoo 200.

Kuwachanganya kuna faida, maana hawali kwa namna moja. Ng'ombe huzungushia ulimi nyasi ndefu na kuzing'oa. Kondoo huchagua kwa midomo na hukata karibu kabisa na ardhi. Tanguliza ng'ombe, kondoo wafuate, na uwatoe kondoo kabla nyasi hazijashuka chini ya sentimita 5, la sivyo hutafuna shina linalochipua na kumeza mabuu ya minyoo, ambayo hukaa zaidi kwenye sentimita hizo za chini. Minyoo mingi ya kondoo haikui ndani ya ng'ombe waliokomaa, kwa hiyo kitalu, yaani kipande cha malisho, kilicholishwa ng'ombe huwa salama zaidi kwa kondoo.

Mwisho wa Mei pima tena, safari hii kwenye vitalu vinavyolishwa. Uniti 69 hula kilo 431 kwa siku. Usihesabu mpaka mvua ya kwanza, kwa kuwa nyasi hazioti siku hiyo hiyo. Hesabu mpaka katikati ya Desemba, siku 200 hivi. Zinatakiwa kilo 86,000 za kuliwa, juu ya zile za kuachwa. Ukizikuta 60,000, chakula kinaisha katikati ya Oktoba. Kilo hizo zinatosha uniti 48 tu kwa siku 200, basi uniti 21 ziondoke: ng'ombe 30. Waondoke Juni, wakiwa na nyama mwilini. Anza na maksai waliokomaa, kisha majike waliokwisha meno, kisha waliopitisha misimu miwili bila kushika mimba. Mitamba wa mwisho kuguswa. Anayesubiri Septemba hukutana mnadani na majirani wote waliosubiri kama yeye, na mnunuzi analijua hilo.