Rolph na bendera nyeupe: aliyesalitiwa ni nani?

Nafundisha historia ya Kanada, na kila muhula tukifika Desemba 1837 lazima mkono unyooshwe: "Mwalimu, si huyu Rolph ndiye aliyewauza waasi?" Muhula huu wameuliza wanne. Nimechoka.

Haya, Jumanne tarehe 5. Waasi wa Kanada ya Juu (Ontario ya leo), wakiongozwa na William Lyon Mackenzie dhidi ya serikali ya kikoloni ya Uingereza, wamejikusanya Yonge Street, kaskazini mwa Toronto. Gavana Francis Bond Head, ambaye majeshi yake alishayapeleka Kanada ya Chini (Quebec ya leo), anatafuta pa kupumulia. Anatuma wajumbe wawili wanaosikilizwa na wanamageuzi: Robert Baldwin na huyu John Rolph, daktari na mwanasiasa. Seremala Hugh Carmichael anashika bendera nyeupe. Gavana hajui kwamba waasi wakishinda, Rolph ndiye aliyepangwa kuongoza serikali ya muda.

Waasi wanataka ahadi ya maandishi. Wajumbe wanarudi mjini, Gavana anakataa kuandika chochote, wanapanda tena kupeleka jibu hilo. Suluhu imekufa.

Ugomvi wote ni huu: Rolph alimwambia Samuel Lount, mmoja wa viongozi wa waasi, waingie mjini katika safari ipi? Mackenzie alishikilia kuwa ni ya kwanza, bendera ikiwa bado juu. Rolph alisema ni ya pili, ujumbe ukiwa umekwisha. Sasa nisomeeni tena polepole. Hata tukimkubalia Mackenzie kila neno, aliyechezewa ni Gavana! Waasi walihimizwa waende, tena mapema, na Mackenzie huyohuyo akapoteza mchana akichoma nyumba ya Dk. Horne, mfuasi wa serikali.

Mkitaka kosa la Rolph, lipo. Aliposikia fununu kwamba Mackenzie atakamatwa, alituma ujumbe siku ya kuinuka irudishwe nyuma kutoka tarehe 7 hadi 4. Watu wakafika njaa inawauma, nusu ya mipango haijakamilika. Hiyo ni pupa. Na bendera aliikubali kwa kuwa kuikataa kungemfichua. Mimi simsifu, ila naelewa.

Mengine ni madogo. Eti alikuwa daktari aliyejigusisha na sheria: hapana, vyote viwili alivisomea Uingereza, akaapishwa uwakili Kanada ya Juu 1821, na 1824 akaanza na Charles Duncombe kufundisha utabibu kule St. Thomas. Eti alikimbilia Marekani akapotelea huko: alikimbia kweli, ila msamaha ulimrudisha 1843, na mwaka huohuo akafungua shule yake ya udaktari Toronto. Kufikia 1851 alikuwa waziri.

Hapo sasa ndipo ningependa mniulize maswali, na hakuna anayeuliza. Mwaka 1853, Rolph akiwa serikalini, sheria ilifuta kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Toronto, mshindani mkubwa wa shule yake. Kitivo hicho hakikurudi hadi 1887, yeye akiwa kaburini miaka 17.