Maana ya tofauti za kimaumbile katika mshiko wa kano la mbele ya muundi

Kano ni utepe mgumu, mweupe, unaounganisha msuli na mfupa, na mahali utepe huo unapojishikiza kwenye mfupa unaovutwa tunaweza kupaita mshiko wa kano. Inaposemwa kwamba mshiko una tofauti za kimaumbile, maana yake ni kwamba watu wenye afya njema hawafanani katika jambo hilo: kano lilelile, lenye kazi ileile, huishia kwenye mfupa mmoja kwa huyu na kwenye mifupa miwili kwa yule, wala hakuna mgonjwa kati yao.

Mfano mzuri ni kano la msuli wa mbele ya muundi. Ukikaa, ukanyanyua sehemu ya mbele ya wayo huku ukiigeuza kidogo kwa ndani, utaliona likituna mbele ya kifundo cha mguu. Msuli wake huanzia upande wa nje wa mfupa wa muundi, lakini kano lenyewe huteremka likielekea upande wa ndani, hupita chini ya mikanda inayolizuia lisichomoze, kisha hufika kwenye ukingo wa wayo. Kazi yake ni kunyanyua wayo ili vidole visiburuzike tunapotembea. Neva inayouamuru msuli huo ikiumia, wayo huning'inia.

Vitabu vya anatomia kwa kawaida huchora kano hili likiwa na ncha mbili, moja ikishika kifupa chenye umbo la kabari kilicho kwenye ukingo wa ndani wa wayo, na nyingine ikishika kitako cha mfupa mrefu unaokwenda kwenye kidole gumba. Mchoro huo si wa uongo, ila ni wa mtu mmoja. Ncha hizo zinaweza kulingana kwa upana, au ya kwenye kabari ikawa pana na nyenzake ikawa nyembamba. Kwa wengine hakuna mgawanyiko wowote, kano zima likaishia kwenye kabari, na wapo wachache wenye ncha ya ziada. Tofauti hizi zimeonekana hata kwa vijusi, kwa hiyo haitoshi kuzieleza kuwa zimeletwa na viatu au na namna mtu anavyotembea.

Mwenye mguu huenda asijue lolote kuhusu hayo maisha yake yote. Anayepaswa kujua ni mpima kwa ultrasaundi, kwa sababu kano lililozaliwa na ncha mbili, hasa likigawanyika juu zaidi ya ilivyozoeleka, laweza kudhaniwa kuwa limechanika kwa urefu. Anapaswa kujua pia daktari wa upasuaji wa mifupa. Mtoto aliyetibiwa nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, kisha wayo ukaanza tena kugeukia ndani anapotembea, anaweza kuhamishiwa kano hili kwenye kabari ya upande wa nje ili mvuto wake usawazike; na kwa baadhi ya watu ambao wayo wao umevutwa ndani baada ya kiharusi, nusu tu ya kano hutengwa na kupelekwa nje. Katika upasuaji wa namna hiyo, daktari anayetarajia ncha mbili akakuta moja hana budi kulipasua kano mwenyewe, na anayeacha ncha ya ziada bila kuiona huacha nyuma sehemu ya mvuto uleule aliokusudia kuuondoa.