"Debian haina dig": dhana zinazotupotezea muda kwenye DNS

Kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Mwanjelwa alitaka kuweka dig, amri ya kuiuliza DNS (mfumo unaogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za IP). Akaandika `sudo apt install dig` kwenye seva mpya ya Debian, mojawapo ya familia za Linux. Ikamjibu `Unable to locate package dig`, yaani haioni pakeji (furushi la programu) yenye jina hilo. Akanigeukia: "Kaka, Debian haina dig."

Inayo. Jina la amri silo jina la pakeji, na kudhani kwamba ni moja ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote, Mbeya mpaka Iringa. Amri za `dig`, `host` na `nslookup` zinatoka mradi mmoja wa programu za DNS, BIND, unaotunzwa na shirika la ISC, ila kila familia ya Linux inazifungasha kwa jina lake. Debian na Ubuntu za sasa ni `bind9-dnsutils`. Zamani ilikuwa `dnsutils`. Fedora na Rocky ni `bind-utils`, Alpine ni `bind-tools`. Ukisahau, usibahatishe. Kwenye Fedora uliza `dnf provides '*/bin/dig'`. Kwenye Debian weka `apt-file`, iendeshe na `update`, kisha `apt-file search bin/dig`.

Wapo wanaoliona neno bind wakaogopa kwamba mashine itageuka seva ya DNS. Haigeuki. Vifaa hivi ni vya kuulizia tu. Seva yenyewe, kwa Debian, ni pakeji ya `bind9`. Na nslookup haijafa: iliwahi kutangazwa kwamba itaachwa, uamuzi huo ukafutwa.

Inayoumiza zaidi ni kuamini kwamba jibu la dig ndilo analolipata kivinjari. Mteja mmoja Tukuyu alikuwa anafungua mfumo wa ofisi vizuri kabisa, huku dig ikisema `NXDOMAIN`, yaani jina halipo. Tulihangaika asubuhi nzima. Kumbe kuna mtu aliandika jina lile ndani ya `/etc/hosts`, faili la majina na anwani lililo kwenye mashine yenyewe. Dig haisomi faili hilo, inakwenda moja kwa moja kwa seva ya DNS. `getent hosts`, ambayo Debian na Fedora huja nayo, inafuata mpangilio wa `/etc/nsswitch.conf`, faili linalosema majina yatafutwe wapi na kwa zamu gani, kwa hiyo inaona kile programu nyingine zinachokiona. Siku hizi naziendesha zote mbili na kulinganisha.

Na usiseme utaweka dig siku ya tatizo. DNS ikikatika, `apt` nayo haitaijua anwani ya ghala lake la programu. Seva yoyote ninayoikabidhi, iwe Mbalizi au Mafinga, `dig` inakuwa imeshajibu mbele ya macho yangu kabla sijachomoa kebo.