Dada, Hutajaa Kama Baunsa

Wiki hii tu nimeulizwa mara tatu, na wote ni wadada ambao ndo kwanza wana siku mbili jimu: "Kocha mi vyuma sitaki, nisije nikajaa kama mwanaume." Sasa naandika, nikiulizwa tena nampa mtu asome mi nikanywe chai.

Kujaa hakuji kwa bahati mbaya. Kona ya benchi pale kuna vijana wana mwaka wa tatu wanapiga tizi siku tano kwa wiki, mayai wanakula kwa trei, wanatamani mikono ijaze tisheti na bado haijazi, halafu we unayekuja Jumatatu na Alhamisi, tena mvua ikinyesha huji, unaogopa utaamka miraba minne? Misuli ya hivyo inataka testosteroni, ile homoni ya kiume, na mwanaume wa kawaida anakuzidi mara 10 mpaka 20. Inataka na msosi mwingi kuliko unaouchoma, na uzito unaopanda kidogokidogo kwa miaka. Wale wadada wa mashindano mnaowaona kwenye simu wamelitafuta lile umbo miaka na miaka, na wengine kuna sindano, ila hiyo hawaiandiki chini ya picha.

Juzi mmoja nimempa dambeli za kilo 6, kazirudisha, kachukua zile za pinki za kilo 1. Nikamwambia lete pochi yako tuiweke kwenye mzani. Kilo 4 na pointi! Kaibeba bega moja toka Mbagala, kasimama kwenye daladala njia nzima. Nyumbani ana mtoto anambeba kutwa, na ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji matupu, anajitwisha toka yuko shule ya msingi, mbona shingo haijawa ya ng'ombe? Akacheka. Ila za pinki hakuziacha, ikabidi jioni nizifiche stoo.

Kinachowadanganya wengi ni wiki ya pili ya tatu hivi, suruali inabana mapaja, mtu anaacha. Yale ni maji jamani. Msuli uliotoka kazini unavuta maji ujirekebishe, na ukianza kuweka akiba ya glikojeni, yaani sukari inayotunzwa kwenye msuli, kila gramu 1 inakaa na maji kama gramu 3, kwa hiyo mzani ukipanda kilo moja usipaniki, utatulia. Wengine sasa wakitoka jimu wanajipongeza na chipsi mayai na soda, lawama anapewa chuma. Hapo ndo huwa nachoka kabisa.

Tafuta picha ya Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Olimpiki ya Tokyo, 2021, daraja la kilo 55, alinyanyua kilo 127 juu ya kichwa akachukua dhahabu. Mvalishe dera uone kama utamjua.

Mengine haraka. Ukiacha mazoezi misuli inageuka mafuta? Haigeuki, ni kama useme mchele umegeuka maharage. Sitapu kutoa nyama uzembe? Tumbo litakaza kwa ndani, ila mafuta mwili ndo unachagua utoe wapi. Kujifunga nailoni tumboni? Kinachotoka ni jasho tu, ukinywa maji uzito umerudi. Na mama zetu wa miaka 50, hao ndo nawataka kwenye chuma kuliko wote, maana hedhi ikishakata mifupa inapungua haraka na kutembea peke yake hakutoshi.

Anza na skwati, kule kuchuchumaa na kuinuka. Ukimaliza marudio 10 huku unapiga stori, uzito huo ni mdogo, ongeza.

Halafu hao hao wanaoogopa kujaa, wakishazoea wananivuta pembeni, kocha nataka shepu ya nyuma. Makalio ni msuli dada, tena mkubwa kuliko yote mwilini. Umekuja kujaa, sema tu unachagua wapi.