Yaka ikiisha lawama ni kwa chaja ya simu

Kwenye mizigo yetu (vyumba vya kupanga) hapa Kireka, Uganda, tuko vyumba vinne mita moja ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, na ikianza tu kulia piii watu wanauliza nani alilala na simu kwenye chaji. Jamani. Simu ya betri 5,000mAh ukiijaza kutoka sifuri inakula kama yuniti 0.025 hivi, yaani yuniti moja inachaji simu karibu mara 40, sasa wewe unanigombeza kwa chaja alafu umeweka maharage kwenye hotpleti ya wati 1,500 masaa mawili, hizo yuniti 3 zimeenda na maharage bado magumu!! Hata lita moja ya maji ya chai kwenye birika la umeme ni yuniti 0.1, hapo tayari simu nne. Kinachotoa joto ndio mlaji, sio ile taa nyekundu ya TV ambayo mama mwenye nyumba anapita kila usiku kukumbusha izimwe.

Lingine eti ukinunua Yaka kidogo kidogo unapata yuniti nyingi. Wapi. Mita za nyumbani yuniti 15 za kwanza kila mwezi zina bei nafuu, kwahiyo wa tarehe 1 anaona nyingi, wa tarehe 12 kwa pesa ileile anaona chache anapiga kelele ameibiwa. Kwetu watu wanaviziana, mwisho wa mwezi tunakaa giza tukisubiri tarehe ibadilike, na aliyewahi anajisifu ana mkono wa baraka haha. Kampuni ya Umeme iliyokuwa inasambaza stima iliondoka 31 Machi 2025 ikaingia UEDCL ya serikali, mkono wa baraka bado upo.

Kuchomoa friji usiku nako sikuelewi, inajizima yenyewe ikishapata baridi, utakachookoa ni kidogo na maziwa yamechacha.

Ila simu kuisha chaji mapema hiyo kweli ipo, tatizo dawa yenu ni kufunga app zote kila dakika mbili, wakati kuifungua upya mara nyingi inakula kuliko ungeiacha imelala. Angalia VPN kwanza, ile app ya kufungulia mitandao iliyozuiwa. Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021 so tumezoea VPN inashinda imewaka hata umelala, betri inashuka, na bando pia maana inaongeza mzigo kidogo juu ya data, haikupi ya bure kama vijana wa boda pale steji wanavyoapa. Jirani yangu aliizima, sasa anachaji mara moja kwa siku, na bado Yaka ikilia anaitwa yeye, maharage ya watu yanachemka.