Kabla ya Kuongeza Kifurushi, Hamisha Ruta

Kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Arusha, lalamiko tunaloletewa sana ni hili: sebuleni intaneti inakimbia, chumbani video inakwama. Wengi hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kabla hujatoa hela, pima. Simama na simu karibu na ruta (kifaa kinachosambaza waifai nyumbani) upime kasi, kisha nenda chumbani upime tena. Ukikuta karibu na ruta unapata kasi uliyolipia na chumbani haifiki hata robo, kifurushi hakina kosa. Kama hata pale pale penye ruta kasi ni ndogo, hapo ndipo umpigie mtoa huduma.

Mara nyingi kosa ni mahali ruta ilipowekwa. Fundi huingiza waya kwenye dirisha lililo karibu, ruta inabaki nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Nyumba nyingi za Njiro na Sakina zina kuta za tofali za saruji na nguzo zenye nondo, na kila ukuta unapunguza nguvu ya mawimbi. Chuma huyarudisha, maji huyanyonya. Tanki la maji likikaa kati ya ruta na nyumba ya uani, aliye uani atalalamika kila siku. Mwombe fundi aongeze mita chache za waya, ruta ikae katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Koridoni panafaa sana. Antena zisimame wima, maana mawimbi husambaa kwa ubavuni. Kwenye nyumba ya ghorofa, laza antena moja ili mawimbi yafike juu na chini.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya gigahezi 5 yana kasi lakini hushindwa na kuta, ya 2.4 hufika mbali, ila nyumba zikibanana huingiliana na ya majirani, kwa kuwa yana chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Televisheni iliyo jirani na ruta iunganishe kwenye 5.

Kwa nyumba ya uani, vuta waya wa mtandao (hufika hadi mita 100) ufunge kisambazaji cha pili huko. Ripita (vifaa vinavyodaka waifai na kuirusha mbele) za bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu.

Kuhusu usalama nasisitiza zaidi, maana hapa watu wanaumia. Nywila zipo mbili: ya waifai na ya kuingilia mipangilio ya ruta. Wengi hubadilisha ya kwanza tu, ya pili inabaki ileile iliyotoka kiwandani. Mtu akiingia kwenye mipangilio anaweza kuelekeza vifaa vyako kwenye tovuti bandia bila wewe kushtuka. Badilisha zote mbili, usitumie namba yako ya simu. Maneno manne yasiyohusiana yanatosha na hayasahauliki. Kwenye mipangilio ya ruta, chagua ulinzi wa waifai wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila), na wapangaji na wageni wape mtandao wa wageni wenye nywila yake.

Masika yakija na radi, chomoa ruta kwenye umeme. Kama intaneti yako inatoka kwenye antena iliyo juu ya bati, chomoa na waya wake pia, na ufanye hivyo kabla mvua haijafika.